Mwenyekiti wa Wapenda Maumbile

Jairus Shikanga alizaliwa ukingoni mwa msitu wa Kakamega, upande wa Buyangu, na utotoni mwake wote hakuupenda hata siku moja. Msitu kwake ulikuwa mzigo wa kuni kichwani na nyani wa kufukuzwa kwenye mahindi. Wenzake walipocheza mpira, yeye alikuwa amesimama shambani akigonga debe bovu, huku nyani wakimkodolea macho kutoka kwenye matawi kama wadai waliozoea kungoja.

Kuupenda aliupendea kitabuni. Alipofika shule ya bweni alikutana na mashairi ya Waingereza wa kale, wale walioishi enzi za viwanda vya kwanza kufuka moshi. Walilia kwamba binadamu amegeuka mtumwa wa mali, na kwamba mto kwake si kitu tena ila maji ya kusukumia mashine. Jairus alisoma, machozi yakamlengalenga. Alipenda vijito vyenye barafu, maua ambayo hayaoti hapa, na ndege ambao hakuna mtu wa kwao aliyewahi kuwasikia wakilia. Likizo ilipofika alirudi nyumbani, mama yake akamtuma kuni, akanuna.

Alisomea ualimu, akafundisha fasihi mpaka nywele zikawa mvi. Wanafunzi walimbatiza jina la Umande, kwa sababu hakuna kipindi kilichopita bila yeye kulitaja neno hilo. Miaka aliyofundisha karibu na Shianda, kwenye nchi ya miwa, aliamuru madirisha yafunguliwe kabla ya kusoma shairi, ili maumbile yaingie darasani. Siku moja mashamba ya jirani yalikuwa yakichomwa kabla ya miwa kukatwa, na kilichoingia kilikuwa majivu meusi, yakatua kwenye kola yake nyeupe. Mwalimu alifunga madirisha yote kwa mkono wake mwenyewe, akajipangusa, kisha akaendelea kusoma pale alipoachia: ubeti unaosifu upepo safi wa mashambani.

Hakuona kichekesho chochote. Hilo ndilo la kuelewa kuhusu mwalimu Shikanga. Hakuwa mnafiki wa makusudi, maana unafiki wa makusudi unahitaji akili ya kujitazama. Yeye aliamini kabisa kwamba mtu akishalitamka jambo kwa sauti nzuri, amekwisha kulitenda.

Alipojenga nyumba yake ya ghorofa pembezoni mwa mji wa Kakamega, alihitaji mbao za milango na ngazi. Nyumbani kwa marehemu baba yake kulikuwa na mvule mmoja mzee, mnene kiasi kwamba watu watatu walioshikana mikono hawakuuzunguka. Aliita wenye msumeno wa injini. Mti ulipoanguka, kuku wa kijiji kizima walijificha. Usiku wake Jairus hakupata usingizi, si kwa majuto, bali kwa utungo: alikuwa akitunga utenzi wa kuulilia mvule ule. Aliusoma siku ya kuzindua nyumba. Wageni walitikisa vichwa kwa huzuni, wengine wakatoa leso, na waliokuwa nyuma walijiegemeza kwenye mlango uliochongwa kutokana na marehemu anayeliliwa.

Kisha akataka uwanja usioleta matope kwenye gari. Rafiki yake Clifford Osundwa alikuwa na biashara ya matofali ya saruji ya kutandaza chini, akauziba uwanja wote kutoka langoni hadi ukuta wa nyuma. Mkewe Maurine, muuguzi, alikuwa na kitalu cha mboga za kienyeji, mrenda, kunde na saga, nyuma ya jiko. Alirudi kutoka zamu ya asubuhi akakuta kitalu kimekuwa sakafu.

"Baba Emily," alisema, "mboga zangu ziko wapi?"

"Tutanunua sokoni, Mama Emily. Tazama palivyo safi!"

Maurine alitazama. Alihamishia mboga zake kwa dada yake aliyeishi Iguhu, na tangu siku hiyo kila alipoenda kuchuma alikaa huko hadi jioni. Sebuleni Jairus aliweka maua ya plastiki, kwa sababu, alieleza, maua ya kweli huleta mbu.

Alipostaafu, siku zilikuwa ndefu kuliko alivyofikiri. Basi akaanzisha Chama cha Washairi Wapenda Maumbile, yeye mwenyewe akawa mwenyekiti. Walikutana katika chumba cha juu cha hoteli moja mjini, chumba kisicho na dirisha. Kila mwanachama alipaswa kuleta shairi la kulaani tamaa ya mali. Waliilaani mali kwa bidii kubwa, kisha wakashuka pamoja hadi mahali pa kuegesha magari, na huko mazungumzo yalinoga zaidi: nani amebadilisha gari, nani amepata ploti, bomba la nani linatoa maji ya moto. Shairi lililopendwa kuliko yote lilikuwa "Ole Wako Saruji" la Clifford Osundwa. Alilisoma kwa kwikwi, na mara nyingi alipomaliza simu yake ililia, akatoka nje kujibu mteja.

Aliyeleta balaa alikuwa Winrose, mwanachama mdogo kuliko wote, wakala wa bima, mwenye simu yenye kamera tatu.

"Mwenyekiti," alisema siku moja, "kila mwezi tunausifu msitu, na msitu uko hapo tu. Kwa nini tusiende tukausomee wenyewe?"

Wanachama walitazamana kama watu walioambiwa wakamtembelee mkwe. Lakini hakuna aliyeweza kukataa bila kujiaibisha, na Jairus alipiga meza kwa kiganja.

"Tutaenda! Tutarudi kifuani mwa mama yetu!"

Walikwenda Buyangu Jumamosi moja asubuhi kwa magari mengi, karibu kila mtu na lake. Langoni walipewa nafasi ya kuchukua mwelekezi. Jairus alikataa. "Mshairi haonyeshwi maumbile," alisema, "maumbile yenyewe humwita." Walibeba viti vya plastiki, kuku wa kukaanga, katoni za maji ya chupa, spika kubwa, na jenereta ndogo ya kuiendesha spika hiyo. Jenereta ilipowashwa, ndege wote wakahama. Clifford aliona ukimya wa ndege umezidi, akatafuta simuni sauti za ndege zilizorekodiwa, akazipitisha kwenye spika. Wanachama walifumba macho. "Ah," alinong'ona mmoja, "hapa ndipo mtu anapumua."

Jairus alikuwa ametunga shairi jipya, "Nirudishe, Mama Msitu". Alichagua mahali penye mwanga mzuri, kando ya gogo lililooza, akavua viatu na soksi. Alieleza kwamba hawezi kuisemesha ardhi akiwa amesimama juu ya soli ya raba. Winrose aliinua simu. Mwenyekiti alikohoa, akainua mikono, akaanza:

"Ewe mama wa kijani, mwana amerudi kwako,
Nipenye mwangu mwilini, nionje upendo wako!"

Pale alipokanyaga palikuwa na njia ya siafu.

Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Katika wa pili sauti ilipanda kidogo, na wanachama wakadhani ni hisia. Katika wa tatu mwalimu aliruka. Wengine walipiga makofi, kwa maana shairi la kuigizwa lilikuwa halijawahi kuonekana chamani. Ndipo alipoanza kujipiga makofi mapajani, akipiga yowe ambalo halikuwa na vina wala mizani, akafungua mkanda, akavua suruali mbele ya washairi, akaitupa kichakani.

"Siafu!" alipiga kelele mtu. Viti vilipinduka. Mama msitu alikuwa amesikia dua, na sasa aliwajibu wana wake wote bila ubaguzi. Mhasibu mstaafu, aliyewahi kuandika kwamba angependa kulala milele juu ya majani makavu, alipanda juu ya jenereta. Clifford, mtunzi wa "Ole Wako Saruji", alikuwa akirukaruka kwa mguu mmoja.

"Leteni petroli!" alifoka. "Mwagieni petroli, choma hao!"

"Hapana, kuna dawa ya kupuliza ndani ya gari langu!"

"Hivi serikali inafanya nini? Mahali kama hapa pangewekwa sakafu kitambo!"

Mbingu ilichagua wakati huo kufunguka. Wakazi wa Kakamega wanaijua mvua yao: hainyunyizi, humwaga. Wanachama walikimbilia magari yao. Jairus naye alikimbia, lakini mbio zake zilikuwa za mtu asiye na suruali, ambaye amekwisha kuona simu ya Winrose ikimfuata. Aibu ilimgeuza njia. Alikata kulia, akaingia mitini, na alipokuja kusimama hakusikia tena injini wala watu. Alisikia mvua tu.

Alijibanza chini ya mti mkubwa, mgongo kwenye gome, miguu ikimwaka moto. Aling'oa siafu mmoja mmoja, na vichwa vyao vikabaki vimeuma ngozi. Maji yalimtiririka shingoni. Kwa mazoea alitafuta maneno. Alijaribu "machozi ya mbingu", yakamchukiza. Alijaribu "mama", akaona aibu. Mambo yote aliyowahi kusema kuhusu msitu yalimjia na kuondoka moja baada ya jingine, na hakuna lililofaa. Akabaki bila neno, mzee anayetetemeka kwa baridi, na msitu ukaendelea na shughuli zake.

Ndipo alipoinua macho akamwona mbega. Alikuwa ameketi kwenye tawi, peke yake, manyoya yake meupe yamelowa na kumning'inia kama taulo la hospitali, mabega yamekunjwa, uso umekunjamana kwa kero. Alionekana kama abiria aliyeachwa na basi. Walitazamana. Mbega alimkagua kuanzia nywele hadi magoti, akaona hakuna la maana, akageuza uso na kuendelea kuchukia mvua.

Jairus hakujua kilichompata. Maisha yake yote watu walikuwa wakimtazama kwa kutaka kitu: alama, mchango, makofi. Huyu hakumtaka kitu. Kifuani mwake palilegea mahali ambapo hakujua pamekaza, na alicheka, peke yake, bila suruali, meno yakigongana.

Mvua ilipopungua alijifunika majani kiunoni, akatafuta njia na kuifuata hadi langoni. Wanachama walikuwa wamekwisha kuondoka. Askari wa lango alimwazima koti la mvua, akageuka upande ili acheke kwa heshima.

Video ilifika mjini kabla yake. Kufikia Jumapili ilikuwa imepita makanisani mote, ikiwa na maandishi: "Mama Msitu Amejibu". Wanafunzi wake wa zamani, waliokuwa wamesahau kila shairi alilowafundisha, sasa walilijua hili moja kwa moyo. Sokoni vijana walimpigia saluti kwa kujipiga mapajani. Maurine aliitazama akiwa hospitalini na wauguzi wenzake, akajizuia kwa nguvu, akashindwa, akalazimika kutoka nje ashike ukuta.

Mkutano uliofuata Jairus alikwenda na shairi jipya. Lilikuwa fupi. Lilisema siafu hawajui nani mshairi. Lilisema mvua ilikuwa baridi, na mbega alikuwa amelowa, na mwisho, "mimi pia." Aliposhusha karatasi, feni ilisikika ikizunguka.

"Limeisha?" aliuliza Clifford.

"Limeisha."

"Mwenyekiti, kwa heshima zote. Umande uko wapi? Mama Msitu yuko wapi?"

"Sikumwona," alisema Jairus. "Niliona mbega."

"Halina hisia za maumbile," aliamua mhasibu, na wengine waliguna kukubali. Winrose alisema kwa upole kwamba pengine mwenyekiti bado hajapona mshtuko. Clifford alisimama, akalisoma upya "Ole Wako Saruji", na watu walivyopiga makofi mtu angefikiri wameokolewa kutoka baharini. Kabla chai haijaletwa, Clifford alikuwa mwenyekiti. Pendekezo lake la kwanza lilikuwa chama kinunue miti ya plastiki ya kupamba chumba, ile mizuri inayotoka ng'ambo, kusudi watu wapate msukumo wa kutunga.

Jairus alishuka ngazi. Alitarajia kuumia, na aliumia kweli, siku kadhaa, kwa sababu mtu aliyezoea makofi huyakosa kama mvutaji anavyokosa tumbaku. Lakini alipoamka asubuhi moja akiwaza, hakuwa akiwaza chama. Alikuwa akimwaza yule mbega.

Alinunua viatu vya mpira. Akachomeka suruali ndani ya soksi, akaenda Buyangu, akalipa langoni kama mgeni yeyote, akaingia na kukaa. Wiki iliyofuata alirudi. Hakubeba kalamu. Wakati mwingine aliona nyani, wakati mwingine hakuona kitu, na mara nyingi alinyeshewa. Alirudi nyumbani na matope, akiwa mkimya, akila kwa hamu.

Mtu mzima kwenda msituni mara kwa mara bila kuni, bila panga na bila mgeni wa kumtembeza ni jambo lisilowezekana. Mji ulianza kutafuta sababu. Maurine alifikiria mwanamke, akayanusa mashati yake, yakanuka uvundo wa majani, akaacha. Aliyepata jibu, au aliyeamini amelipata, alikuwa jirani yao Osiako, dalali wa mashamba.

"Mwalimu," alimwambia akiegemea ukuta, "wewe unaendanga huko kwa kitu gani?"

"Naketi tu, Bwana Osiako."

"Unaketi."

"Natazama."

Osiako alitabasamu kama mtu aliyeoneshwa kadi moja na kubahatisha zote zilizobaki. Upande wa Ikolomani watu huchimba dhahabu, na kila mtu anajua kwamba dhahabu haikuapa kutovuka mto. Alimfuata Jairus kwa siri, akijificha nyuma ya miti, akamwona ameketi kwenye gogo akitazama juu kwa muda mrefu mno. Osiako naye alitazama juu. Aliona ndege mkubwa wa buluu akila matunda. Alipotazama chini aliona udongo mwekundu pembeni ya gogo, na moyo ukamruka: kumbe ndege ni kisingizio!

Alirudi mjini akasema mwalimu ni mjanja kuliko wote. Kujifanya mwendawazimu mpaka video itoke, kumbe analinda mgodi! Haikupita muda, watu waliingia kwa kuvizia na majembe na karai. Walichimba kando ya gogo, chini ya ule mti mkubwa, kwenye njia ya siafu. Siafu waliwauma, wakaona ni dalili njema, maana mali ya kweli hulindwa. Hawakupata hata chembe, ila kila shimo tupu liliwahakikishia kwamba linalofuata si tupu.

Askari wa msitu walipowatimua, mmoja alisema wazi: "Sisi tunamfuata mwalimu Shikanga. Yeye ndiye aliyegundua."

Kwa hiyo siku Jairus alipofika langoni, aliitwa kando. Walimtendea vizuri, wakamwuliza maswali, naye akajibu kweli, na ukweli wake ulisikika vibaya sana. "Nilikuwa namtazama mbega." Mkubwa wao alimwamini, au alichoka. Alimpeleka aone. Mizizi ya ule mti ilikuwa imekatwa upande mmoja, mashimo yamejaa maji ya matope, gogo limepasuliwa vipande kutafutwa ndani. Jairus alisimama pale na viatu vyake vya mpira. Alikuwa amewahi kutunga beti nyingi za kulilia miti, na leo hakutunga hata mmoja.

"Kwa sasa upande huu tumeufunga, mwalimu," alisema askari. "Kwa kila mtu. Samahani."

"Ni sawa," alisema Jairus. "Hata kwangu."

Jioni hiyo alimweleza Maurine yote, tangu siafu hadi mashimo, kwa maneno ya kawaida, bila kuinua mikono. Alipofika kwa mbega aliyelowa, Maurine alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga, na katikati ya kicheko akanyamaza, akamtazama mumewe kwa makini, kama anavyomtazama mgonjwa ambaye homa imeshuka.

"Na hapo ndipo umekuwa ukienda? Miezi yote hii?"

"Hapo tu."

"Hakuna mtu?"

"Kulikuwa na huyo mbega. Baadaye hakurudi."

Siku ya mapumziko ya Maurine walikwenda wote wawili, kwenye njia nyingine iliyo wazi kwa wageni, wakapanda kilima kile ambacho ukiwa juu yake unaona msitu wote umelala chini, na mbali kidogo mabati ya watu yakimeta. Maurine alibeba kuni za msitu huo utotoni, kama wengi wa huko, na magoti yake hayakupenda mwinuko. Alisimama akihema, mikono kiunoni, akatazama kwa muda.

"Ni miti, Baba Emily," alisema.

"Ndiyo," alisema Jairus. "Ni miti."

Maurine alingoja, kwa sababu katika ndoa yao neno kama hilo lilikuwa likifuatwa na ubeti. Haukuja. Alikaa chini taratibu, akafungua mfuko, akatoa viazi vitamu vya kuchemsha kutoka shambani kwa dada yake, vingali na uvuguvugu, akampa kimoja.